Sauti Iliyomtoroka Adinani

Kama umewahi kukaa kwenye banda la video popote kati ya Tabora na Nzega, au umewahi kuingiziwa filamu kwenye flashi pale stendi, basi Adinani unamfahamu, hata kama ukikutana naye sokoni utampiga kikumbo na usimwombe radhi. Ndiye anayewasemea Wachina, Wahindi na Wamarekani kwa Kiswahili chetu. Jambazi la Kikorea linaponguruma, anayenguruma ni Adinani. Bibi harusi wa Kihindi anapolia akikataa mume wa kuchaguliwa, anayelia ni Adinani, kwa ile sauti nyembamba ambayo wanawake wa mtaani kwake Isevya huiiga wakiwa bombani wakitaka kuchekeshana. Watu humwita Adinani Mkalimani. Kwa sura ni mtu wa kawaida kabisa, mwembamba, mwenye kichogo, anayevaa kanzu Ijumaa na suruali ya kitambaa siku nyingine. Na bila kipaza sauti, sauti yake ni ya kukwaruza, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

Sauti hiyo ndiyo habari yenyewe, maana ilimtoroka. Msidhani ni maneno ya kupambia tu. Ilimtoroka kweli, ikaenda kufanya kazi kwa watu wengine, na yeye akabaki nyumbani anaogopa hata kubisha hodi.

Alianza zamani, kabla ya simu za kupangusa, akiwa bado fundi cherehani kijana kwenye baraza la duka moja pale Gongoni. Jioni alikwenda banda la video la mtaa wa Ng'ambo, ambako mama yake, Mwanajuma, aliuza vitumbua mlangoni. Siku hizo filamu zilikuja na lugha zao, na watazamaji walikuwa wakibahatisha tu nani kamkosea nani. Adinani hakuweza kunyamaza. Kiingereza alikiokota humohumo kwenye filamu, Kihindi alikiokota kwa tajiri yake, Mhindi mwenye duka, na palipopungua aliongeza chumvi yake mwenyewe. Akawa anapiga kelele kutoka benchi la nyuma, "Anamwambia mkewe kwamba hiyo mimba haitambui!" Mwenye banda alichoshwa na kelele hizo, akamkabidhi kipaza sauti ili amalizane naye.

Alipokishika, mate yalimkauka. Banda zima lilikuwa limegeuka kumtazama. Akatupa macho mlangoni, akamwona mama yake nyuma ya beseni lake, na kwa kuwa malezi yalimkaa, na kwa kuwa hakuwa na neno jingine kinywani, akasema kwenye kipaza sauti, "Shikamoo mama." Mwanajuma hakuwa mtu wa kuisikia shikamoo akainyamazia. Aliinua kichwa akajibu kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Marahaba, mwanangu. Haya, tueleze hao wanagombea nini." Banda likaangua kicheko. Hofu ikamtoka Adinani palepale, akaisema filamu nzima bila kukwama.

Tangu siku hiyo hakuanza filamu bila salamu ile. Hata alipopata vyombo vyake na kuanza kurekodi chumbani kwake, kuta kazibandika trei za mayai na magodoro yaliyochoka, aliiweka mwanzoni kabisa: "Shikamoo mama Mwanajuma!" Kisha huacha nafasi kidogo, ya pumzi moja, ili mama ajibu popote alipo. Nafasi ile watu wakaijaza wenyewe. Nzega, Urambo, Sikonge, Ulyankulu, banda zima huitikia "Marahaba!" kwa pamoja, mpaka watoto wasiojua kupenga kamasi nao wanampa mtu mzima marahaba, na wakubwa wanacheka mpaka machozi. Huko mbali hawakumjua Adinani kwa sura, wala mama yake. Walijua tu kwamba Tabora yuko mtu anayemheshimu mama yake, basi.

Kisha Mwanajuma akafariki. Presha ilimwangusha asubuhi, alasiri wakamzika. Baada ya hitima, dada mkubwa wa Adinani, Zamda, mwanamke asiyerudia neno, alimkalisha kwenye mkeka.

"Ile shikamoo yako kwenye filamu, sasa basi," alimwambia.

"Dada, mimi mwenyewe nilikuwa sijui nifanyeje."

"Ndiyo nakwambia sasa. Marehemu anaombewa dua. Marehemu hapewi shikamoo, maana shikamoo inataka jibu. Ukimpa shikamoo, unataka akujibu nani?"

Adinani alikuwa hajalifikiria hivyo. Akamwahidi dada yake, kwa jina la mama, kwamba salamu ile haitatoka tena kinywani mwake. Filamu zilizofuata alizirekodi bila salamu, na hakueleza sababu, kwa kuwa kila alipotaka kueleza alizima kipaza sauti akaanza upya. Pale Isevya walijua, walikuwa wamebeba jeneza. Huko kwingine hakuna aliyejua kitu.

Sasa siku moja mchana Adinani alikuwa nyumbani kwake anakula ugali kwa nsansa, yale majani ya kunde ya kukausha ambayo mkewe Yasmini anayaunga kwa karanga. Kwa jirani runinga ilikuwa ikinguruma kama kawaida yake.

"Shikamoo mama Mwanajuma!" ikasema sauti ya Adinani.

Tonge likakwama njiani.

"Kula, mume wangu," Yasmini alisema kwa upole. "Hiyo ni ya zamani."

Adinani alitega sikio. Ilikuwa filamu ya mambo ya barafu na treni, na hakuwahi kuiona maishani mwake. Akainuka na mkono wenye ugali, akatoka, akasimama dirishani kwa jirani bila hata kusalimia. Kwenye kioo mzee wa Kizungu alikuwa anazama ziwani, na aliyekuwa anapiga mayowe ya kuomba msaada ni Adinani. Sauti ni yake. Kile kikohozi chake kifupi cha kabla ya kutoa tusi kilikuwepo. Uchokozi wake kwa watani zake Wagogo ulikuwepo, tena mpya kabisa, hakuwahi kuutamka popote, na ulikuwa mzuri. Adinani alicheka kabla hajajizuia. Alipogundua kwamba amecheka, alishika nondo za dirisha.

Jioni hiyohiyo Zamda alifika. Hodi yake na kuingia kwake vilikuwa kitu kimoja.

"Uliniahidi kwa jina la mama!"

"Dada, si mimi."

"Si wewe? Nimekubeba mgongoni, Adinani. Ulipokuwa na degedege nilikesha nakusikiliza unavyopumua. Sauti yako nisiijue?"

"Wallahi si mimi. Njoo ukague vyombo vyangu. Filamu hiyo sijawahi hata kuisikia."

Zamda alimtazama usoni kwa muda, na Yasmini naye akaapa kwa niaba ya mumewe. Hasira ilipomtoka Zamda, kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Alikaa chini polepole, akajifunika mtandio.

"Kama si wewe," alisema, "basi ni nani huyo anayemwita mama yetu?"

Chai iliyoandaliwa hakuna aliyeinywa.

Aliyewafumbulia fumbo alikuwa fundi simu wa mtaani. Alieleza kwa raha zake, kama mtu anayesifia baiskeli mpya. Ni akili mnemba hiyo. Unailisha sauti ya mtu, nayo inakwenda kusema chochote kwa sauti hiyohiyo. Unailisha filamu, inaandika maneno ya Kiswahili yenyewe, na utani inautunga yenyewe. "Kadiri inavyomsikia mtu ndivyo inavyozidi kuwa yeye," alisema, akaendelea kuchomelea chaja.

Neno hilo lilimkaa Adinani vibaya. Kadiri inavyomsikia. Basi akaanza kubana maneno. Sokoni alinunua nyanya kwa kuonyesha kidole. Alipopigiwa simu alisema "Mm," na alipoulizwa swali refu alisema "Mm" ndefu. Msikitini aliitikia amina moyoni. Bodaboda aliyezoea kumwomba amwigizie jambazi alipita akipiga honi na kuambulia kutikisiwa kichwa. Mtaani wakasema Mkalimani anaringa, wengine wakasema ameshikwa na madeni, wengine, hao wasiokosekana, wakasema amechezewa. Yeye mwenyewe alihisi kana kwamba yuko mtu nyuma yake amekinga kikombe, kila neno linalodondoka analidaka. Hofu ya namna hiyo ni ya peke yake, maana ukitaka kuieleza inabidi ufungue mdomo.

Mwishowe akapanda basi kwenda Nzega, kwa Godbless.

Godbless ndiye aliyekuwa akizisambaza kazi zake miaka yote. Alikuwa na fremu pale stendi, kompyuta mezani, feni juu, na foleni ya wachimbaji wadogo wanaotaka kujaziwa flashi kabla hawajarudi machimboni. Alipomwona Adinani alisimama haraka mno, kama mtu mwenye lake.

"Kaka Mkalimani! Karibu, karibu. Mbona umekonda?"

Adinani alimsogelea, akamwuliza kwa mnong'ono, "Sauti yangu mmeipata wapi?"

"Ongea tu kaka, hapa hakuna anayekurekodi."

Adinani aliitazama ile kompyuta, akaendelea kunong'ona. "Mmeipata wapi?"

"Umeniletea mwenyewe," Godbless alisema, akiinama. "Kila flashi uliyoniletea ilikuwa na sauti yako. Kuna jamaa mmoja Mwanza ana huo mtambo, nikampelekea. Kaka, filamu ikitoka huko Ulaya leo, kesho iko hapa inaongea Kiswahili. Wewe ukishikwa na mafua wateja wangu wanasubiri mpaka upone."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

Lilikuwa jibu la kweli, na kwa sababu ya ukweli wake likamkata Adinani maini. Godbless alimvutia kiti, akampa soda, na macho yake hayakuwa na ushindi wowote. Alikuwa naye anaogopa, hilo lilionekana. "Unadhani mimi nalala? Yule jamaa ameniambia muda si mrefu mtu atakaa nyumbani kwake aiambie simu, nitengenezee filamu ya mapenzi, iwe ya hapahapa Nzega, na msemaji awe Mkalimani. Inatengenezwa palepale. Hakuna mwandishi, hakuna mwigizaji, hakuna wa kushika kamera. Sasa huyo atakuja kwangu kufuata nini? Nitabaki na fremu na feni."

Adinani alikuwa amejiandaa kugombana, akajikuta hana wa kugombana naye. Akaomba moja tu. "Mtoeni mama yangu humo. Amefariki."

Godbless aliduwaa. "Mama Mwanajuma amefariki? Yule mama wa marahaba? Kaka, pole sana. Mbona hukutuambia?" Na machozi yalimlenga kweli, huyo huyo aliyemwuza. Lakini alipofuta uso alisema, "Nitamwambia jamaa ajaribu. Shida ni kwamba mtambo umeshajifunza hivyo. Kwake wewe ni yule mtu anayemsalimia mama."

Kurudi Tabora hakusema neno, ila kichwani alikuwa ameamua. Angerekodi filamu moja kwa mkono wake na kinywa chake, na mwanzoni kabisa, pale pa salamu, angetangaza msiba. Watu wakisikia, watajua yupi ni mtu na yupi si mtu. Sauti ingerudi nyumbani. Na wasipomwamini? Hapo alikuwa hataki kufika, maana wasipomwamini baada ya hilo, hana tena kitu cha kuwaonyesha, na ile nyingine ndiyo itakuwa Adinani mpaka mwisho. Zamda alipoambiwa aliitikia kwa kichwa. "Waambie," alisema. "Waambie waziwazi, mama apumzike."

Alirekodi akiwa amejifungia kati ya magodoro. "Ndugu watazamaji, mimi ni Adinani Mkalimani wa Isevya. Mama yangu Mwanajuma amefariki dunia. Mkisikia sauti yangu inamsalimia, si mimi, ni mashine." Katikati alilia. Hakukikata kile kilio, alikiacha kama kilivyo, akaendelea na filamu.

Aliyebaki akipokea kazi zake za mkono alikuwa mmoja tu, Leodgar wa Ulyankulu, mkulima wa tumbaku mwenye banda la mabati na roho nzuri kuliko biashara yake. Banda hilo lilikuwa limeanza kupwaya. Zamani hata zile tuzo za filamu za ng'ambo, Leodgar alizionyesha na watu wakasimama mpaka nje, wakibishana nani kaonewa. Mwaka huu waliokuja walienea benchi moja, na mmoja wao alikuwa amekuja kuchaji simu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na banda jipya lenye kioo kikubwa, na filamu zake zote zilitoka kwa Godbless.

Adinani alikwenda mwenyewe na flashi yake mfukoni. Jumapili, misa ilipoisha, watu wakajaa kiasi chake, maana Leodgar alikuwa ametangaza filamu mpya ya Mkalimani. Adinani akakaa pembeni, hakuna aliyemjua. Taa ikazimwa. Watu wakakaa mkao wa kuitikia, wengine vinywa viko wazi tayari.

"Ndugu watazamaji, mimi ni Adinani Mkalimani wa Isevya. Mama yangu Mwanajuma amefariki dunia."

Mnong'ono ukapita benchi kwa benchi. Kilio kilipofika, mwanamke mmoja aitwaye Dafrosa, aliyekuwa amempakata mjukuu wake, alisimama.

"Leodgar, zima hicho kitu! Wanamzushia kifo mama wa watu!"

"Ndiyo mashine yenyewe hiyo ya kuiga sauti tuliyoambiwa redioni," alisema mwanamume wa mbele, Masanja. "Sasa imeanza na kujiliza. Adinani gani anaanza bila kumpa mama yake shikamoo?"

"Mama wa watu mzima kabisa, wiki iliyopita tu tumeitikia salamu yake!" mwingine akadakia.

Leodgar aliwasha taa, akajaribu kusema, wakamzomea. Adinani akasimama.

"Jamani," alisema. "Adinani ndiye mimi."

Wakamgeukia. Wakamtazama kuanzia viatu mpaka kichogo. Masanja alikuwa wa kwanza kucheka. "Wewe? Na hiyo sauti ya kukwaruza?"

"Kama ni yeye atulilie kama bibi harusi wa Kihindi," mtu akapendekeza, na wote wakanyamaza kumngoja.

Adinani alifungua mdomo. Alikuwa ameibana sauti yake muda mrefu mno, na hapakuwa na kipaza sauti cha kuinenepesha. Kilichotoka ni mkwaruzo, kikakatika katikati. Kicheko kilichofuata hakikuwa kibaya hata, kilikuwa cha kumwonea huruma tapeli asiyejua kazi. Watu wakaanza kutoka. Dafrosa alipopita mbele yake alimtikisia kichwa. "Mtu mzima na akili zako, unajipa mama wa mwenzio halafu unamwua."

Banda likabaki tupu. Haukupita muda, kutoka ng'ambo ya barabara ikasikika sauti kubwa, safi, yenye furaha: "Shikamoo mama Mwanajuma!" Na watu walewale wakaitikia kwa nguvu, kama wanaomwondolea mtu mikosi, "Marahaba!"

Adinani hakuwahi kuogopa hivyo, hata siku ya kumwingiza mama kaburini. Siku ile alijua yeye ni nani na amefiwa na nani.

"Ndugu yangu," Leodgar alisema walipokaa wawili tu kwenye benchi. "Keshokutwa ni gulio. Wakienda kwa yule tena, mimi nafunga. Humu ndani nitaweka tumbaku. Sitakuwa na pa kukuonyesha."

"Najua."

"Weka ile salamu. Salamu tu. Wakishakutambua, huko mbele ongea unachotaka."

"Nimemwahidi dada yangu."

Leodgar hakumsukuma. Alikwenda akaleta kipaza sauti, akakiweka kati yao, akasubiri. Na Adinani, Mungu amsamehe, akakichukua. "Shikamoo mama Mwanajuma," alisema, akaiacha ile nafasi ya pumzi moja, na ndani ya nafasi ile alisikia mabati tu yanavyolia kwa jua. Akarudia. Safari hii ilitoka kama tangazo la vifo redioni. Akarudia tena, ikatoka kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

"Hapana," Leodgar alisema taratibu. "Hiyo inatisha, ndugu yangu. Tutawafukuza."

Kisha akafungua kompyuta yake ndogo, akatafuta filamu mojawapo ya yule wa ng'ambo ya barabara, akaikata salamu peke yake na kuichezesha. Ilikuwa inang'aa. Ilikuwa sauti ya mtu anayejua kwamba mama yake yuko mlangoni, anamsikia.

"Nibandike hii?"

Adinani aliitikia kwa kichwa.

"Na tangazo la msiba?"

"Litoe," Adinani alisema.

Siku ya gulio, kabla ya onyesho, Zamda alipiga simu. Kulikuwa na kelele za mbuzi na muziki, ikabidi apaze sauti. "Umewaambia?"

"Mm," alisema Adinani.

"Alhamdulillahi. Mwambie Leodgar nashukuru." Akakata.

Banda lilijaa mpaka mlangoni, kwa kuwa Leodgar alikuwa amewaapia wakulima wenzake kwamba leo ni ya kweli. Adinani alikaa benchi la mwisho, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi. Taa ikazimwa.

"Shikamoo mama Mwanajuma!"

"Marahaba!" banda likaitikia, kwa furaha ya watu waliorudishiwa mtu wao. "Huyo ndiye!" Masanja akapiga kelele kule mbele, na watu wakapiga makofi.

Adinani alikuwa anasikiliza kitu kimoja tu, kiungo cha sauti hizo mbili. Alijua mahali kilipo. Alimwona Leodgar akikata na kubandika. Baada ya salamu, pumzi moja, kisha anaanza yeye mwenyewe, Adinani wa Mwanajuma, kwa kinywa chake. Alitega masikio yake yote. Sauti ikapita kutoka ile hadi hii bila kukwaruza popote, na hakusikia chochote. Hakujua ile imeishia wapi na yeye ameanzia wapi. Akasubiri labda huko mbele atajitambua, na kadiri filamu ilivyokwenda ndivyo alivyozidi kutokuwa na hakika kwamba aliwahi kuirekodi.

Akatamani kutoka, ila watu walikuwa wamekaa mpaka sakafuni, na Leodgar, kwa kuona watu wamefurahi namna ile, akairudisha filamu mwanzo ili waliochelewa nao waisikie salamu.

"Shikamoo mama Mwanajuma!"

"Marahaba!"

Kiwiko kikamgonga ubavuni. Aliyekaa naye alikuwa Dafrosa, mjukuu kalala begani. Alimtazama kwa mwanga wa kioo, akamtambua.

"Kumbe ni wewe, yule uliyejifanya Adinani. Haya, sasa umemsikia mwenyewe." Hakusema kwa ubaya. Alimsogezea nafasi hata miguu yake ikapata kunyooka. "Na mbona huitikii? Mtoto wa watu anatoa shikamoo, wewe umemkalia kimya. Mwitikie, baba, usitutie nuksi."

Watu wa benchi la mbele walikuwa wamegeuka, wanamngoja.

"Marahaba," akasema Adinani.